Mtoto alilala, mimi sikulala: kunyonyesha na sonona baada ya kujifungua

Ninalo daftari dogo nililolianza siku ya pili baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Kila mstari una saa, upande wa ziwa na dakika. Saa 9:10 usiku, kushoto, dakika 12. Saa 9:30, kulia, dakika 7, amelala. Saa 10:45, kushoto, dakika 20, analia. Nepi zilizolowa nilizichorea duara, zenye choo nikazitia alama ya mkato. Mwandiko wa wiki ya kwanza umenyooka. Ukifika wiki ya tano herufi zimelala, mistari mingine imeandikwa juu ya mingine, na kuna ukurasa mmoja nilioutoboa kwa kalamu. Anayelisoma leo atajua yote kuhusu maziwa yangu, lakini hatakuta hata neno moja kuhusu mwenye maziwa.

Ujauzito wote nilijiandaa kunyonyesha kuliko nilivyojiandaa kuzaa. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani niliujua kwa moyo: mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja ya kwanza, anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, halafu aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Ni ushauri mzuri, na mpaka leo nauamini. Nilipokosea ni kuubeba kama kiapo. Nilimwambia kila mtu, mume wangu, mama yangu, mama mkwe, wenzangu kazini, kwamba mwanangu hataonja maziwa ya kopo. Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo. Nilisema kwa furaha, kama mtu anayetangaza jina la mtoto.

Siku ya tatu baada ya kujifungua nililia tangu asubuhi. Nesi akanituliza, akaniambia ni kawaida, na alikuwa sahihi. Kondo la nyuma likishatoka, homoni zilizokuwa juu miezi yote ya ujauzito hushuka ghafla ndani ya siku chache, na zaidi ya nusu ya akina mama hupitia siku za machozi, hasira za ghafla na wasiwasi. Huja siku ya pili au ya tatu, hupanda, kisha huisha zenyewe ndani ya wiki 2. Nilizihesabu siku hizo. Ya 14 ikapita nami bado nalia, ila sasa nililia bafuni, maji nimeyafungulia ili nisisikike.

Wakati huo mtoto alikuwa anashika chuchu pekee, badala ya kuchukua mdomoni na sehemu kubwa ya ngozi nyeusi inayoizunguka. Sikujua hilo. Nilichojua ni kwamba chuchu zilipasuka siku ya nne, na kila alipofungua mdomo nilikaza vidole vya miguu, nikabana meno, nikahesabu mpaka 30 ndipo maumivu yapungue. Mara mbili alicheua maziwa yenye michirizi ya damu. Ilikuwa damu yangu kutoka kwenye michubuko, lakini mimi niliona nimemlisha mwanangu jeraha.

Watoto wengi hupungua uzito siku za mwanzo, asilimia 7, wakati mwingine hata 10, na wengi huwa wamerudi kwenye uzito wa kuzaliwa wanapotimiza wiki 2. Wangu alikuwa bado hajaufikia. Aliyempima aliandika kwenye kadi, akaifunga, akanirudishia akisema, "Mama, nyonyesha zaidi." Hakuniomba nimnyonyeshe pale aone mtoto anavyoshika ziwa. Nyuma yangu palikuwa na foleni ndefu, naelewa. Ila maneno yale mawili niliondoka nayo kama hukumu, nikaenda nyumbani nikanyonyesha zaidi, kwa chuchu zilezile, kwa mkao uleule, mchana na usiku.

Mwili unavyofanya kazi, nilikuja kuuelewa baadaye. Prolaktini ndiyo homoni inayotengeneza maziwa, na oksitosini ndiyo inayoyasukuma yatoke. Maumivu, hofu na msongo huichelewesha oksitosini. Kwa hiyo mama anaweza kuwa na maziwa ndani, lakini yakachelewa kushuka, mtoto akavuta bila kupata, akaliachia ziwa na kulia. Mama akimwona analia anaogopa zaidi, na maziwa yanazidi kuchelewa. Hicho ndicho kilichokuwa kinatokea kwenye kiti changu cha dirishani mara kumi kwa siku, na kila mara niliandika kwenye daftari: analia.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ugonjwa ulipojificha. Kila dalili niliyokuwa nayo ilikuwa na maelezo mengine tayari. Silali? Mama anayenyonyesha halali. Nimekonda? Mtoto ananinyonya. Nasahau vitu? Uchovu. Nalia? Homoni. Sitaki kuona watu? Anataka utulivu na mwanawe. Mama yangu, ambaye ananipenda kuliko nafsi yake, aliniambia, "Mwanangu, sote tumepita hapo." Alisema kunifariji. Mimi nilisikia kwamba wote walipita na ni mimi tu niliyekwama.

Na alinisaidia kweli. Mchana alinyoosha mikono, akasema, "Niletee mjukuu wangu, nenda kalale." Nilimpa, nikaingia chumbani, nikalala chali. Mtoto alilala kwa bibi yake saa 3 nzima. Mimi niliangalia dari. Moyo ulikuwa unakimbia kama wa mtu aliyepanda ngazi, masikio yote mlangoni, kichwa kikihesabu: bado saa mbili aamke, bado saa moja na nusu, bado saa moja. Nilikuwa nimechoka mpaka mikono inatetemeka, na usingizi haukuja. Nikatoka, mama akaniuliza, "Umepumzika?" Nikasema ndiyo.

Hiyo ndiyo alama ambayo hakuna aliyeiulizia, nami sikujua kwamba ina maana. Uchovu wa kawaida wa kunyonyesha ukipewa kitanda na mtu wa kumshika mtoto, hulala. Wangu ulipewa vyote viwili, ukakataa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema kwa mtu yeyote kwa miaka mitatu. Sekunde chache kabla ya maziwa kuanza kutoka, nilishukiwa na huzuni nzito tumboni, kama ile ya kupokea simu ya msiba. Haikuwa na wazo lolote ndani yake. Ilikuja, ikakaa dakika moja au mbili, maziwa yakatiririka, ikaondoka. Kisha ziwa la pili, ikaja tena. Mtoto amefumba macho, ananyonya kwa amani, na mimi nahisi kama dunia imekatika. Nikahitimisha kwamba simpendi mwanangu, na kwamba mwili wangu unalijua hilo kabla yangu.

Sasa najua kwamba hali hiyo ipo na wataalamu wa unyonyeshaji wanaitambua. Ni mshuko wa ghafla wa hisia unaofungamana na maziwa kutoka, na inadhaniwa unahusiana na dopamini, kemikali ya ubongo ambayo hushuka ili prolaktini ipande. Hauna uhusiano wowote na mapenzi ya mama kwa mtoto. Wala si sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha: sonona hukaa na mtu mchana kutwa, mshuko huu huja na maziwa na kuondoka baada ya muda mfupi. Lakini mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, na mimi nilikuwa navyo. Kama kuna mama anayesoma hapa na ameshawahi kuhisi hivyo, naomba ajue kwamba hayuko peke yake, na hana moyo mbaya.

Wiki ya saba, usiku, nilimwambia mume wangu, "Mtafutie mtoto mama mwingine." Nilisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekumbusha kitu cha kununua. Nilikuwa nimefikia mahali naamini kwamba mtoto na yeye wangekuwa salama zaidi kama mimi nisingekuwepo. Mume wangu alikaa kitandani, akawasha taa, akaniangalia muda mrefu. Asubuhi akaja na maziwa ya kopo. Simlaumu hata chembe. Kwa wiki saba nyumba yetu ilizungumza maziwa tu, kwa hiyo aliposikia kilio alikitafsiri kwa lugha aliyokuwa nayo. Alidhani mzigo ni kunyonyesha, akautua.

Siku hiyohiyo niliacha kunyonyesha, palepale, bila kupunguza taratibu. Matiti yakajaa, yakawa magumu kama mawe, siku ya pili homa ikapanda. Kila mtu alikuwa akinisubiri nicheke. Mtoto ameanza kushiba, analala, uzito unapanda, sasa mama atapona. Badala yake nilididimia. Kuachisha ghafla huangusha homoni kwa mara nyingine, na kwa baadhi ya wanawake huzuni huongezeka siku hizo. Juu yake kulikuwa na kiapo changu. Nilimtazama mwanangu akinyonya chupa kwa raha mikononi mwa baba yake, nikaona wameweza bila mimi, kama nilivyosema. Kopo halikuwa na kosa lolote. Lilimlisha mwanangu vizuri, na kwa hilo nashukuru. Ila lilipelekwa kutibu kitu ambacho halikuwa dawa yake.

Wiki iliyofuata nilimpeleka mtoto kwenye chanjo. Zamu ile alikuwepo nesi mwingine, mtu mzima kidogo. Alimpima, akaandika, na kabla ya kufunga kadi akasema, "Mtoto huyu hajambo. Wewe mama yake, unaendeleaje?" Nikasema salama. Akauliza tena, sauti chini zaidi: "Mtoto akilala, wewe unalala?"

Nilifungua mdomo kujibu na sauti haikutoka.

Alinipeleka pembeni akanipa karatasi yenye maswali 10. Ni dodoso lililoandaliwa Uskoti na kuchapishwa mwaka 1987, linalojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh, na limetafsiriwa katika lugha nyingi. Unaulizwa kuhusu siku 7 zilizopita: kama umeweza kucheka, kama umekuwa na hofu bila sababu ya maana, kama huzuni imekunyima usingizi. Kila jibu lina alama 0 mpaka 3, jumla 30. Kwa kawaida anayefikia kati ya 10 na 13 huangaliwa kwa karibu zaidi. Dodoso peke yake halimwambii mtu kwamba anaumwa, linamwambia mhudumu kwamba hapa pana jambo la kuangalia. Swali la mwisho linauliza kama wazo la kujidhuru limekujia. Nililitazama swali hilo muda mrefu kuliko mengine tisa yakiwekwa pamoja. Nikaweka alama ya ukweli. Jumla ikawa 19.

Nesi hakushtuka. Hakunihubiria kwamba watoto ni baraka. Alimpakata mtoto wangu kwa mkono mmoja, akanishika kiwiko kwa mwingine, tukatembea pamoja mpaka kwa daktari. Hakuniambia "nenda chumba fulani." Alinifikisha mwenyewe, na bila hivyo ningerudi nyumbani.

Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake. Sonona baada ya kujifungua, ambayo wengine huiita unyogovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua karibuni duniani hupata tatizo la afya ya akili, na sehemu kubwa ni sonona. Katika nchi zinazoendelea idadi hukaribia mmoja kati ya watano. Nilijikuta nawahesabu kichwani wanawake niliowakuta kwenye mabenchi ya kliniki, watano, watano, watano. Alinieleza pia kwamba kuna hali nyingine, ya nadra, mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000, ambapo mama husikia sauti, huchanganyikiwa, huamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto, na anaweza kukaa siku bila usingizi huku akijiona ana nguvu tele. Hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, kama kutokwa na damu nyingi. Na mama yeyote mwenye wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo.

Matibabu yangu yalikuwa mazungumzo na mshauri mara moja kwa wiki, pamoja na dawa iitwayo setralini. Nilimuuliza daktari swali moja: "Hii dawa, ningeweza kuitumia huku nanyonyesha?" Akasema ndiyo. Setralini ni kati ya dawa zinazopendelewa kwa mama anayenyonyesha, kwa sababu kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana, mara nyingi hata kipimo cha damu ya mtoto hakikioni. Si kila dawa ya sonona iko hivyo, na mama hapaswi kujiamulia, aongee na daktari anayemjua. Lakini hakuna sheria kwamba mama atibiwe au anyonyeshe. Nililia pale. Nililia kwa sababu kwa wiki nzima niliamini nimechagua kati ya maziwa na uhai wangu, na kumbe hakuna aliyekuwa ameniwekea uchaguzi huo isipokuwa ukimya.

Dawa haikufanya kazi kesho yake. Wiki mbili za kwanza nilihisi kichefuchefu na si kingine. Wiki ya tano, asubuhi, namvalisha mtoto kofia, nikaona kishimo kidogo kama tundu la sindano juu ya sikio lake la kulia, pale sikio linapokutana na uso. Nikamwita mume wangu: "Njoo uone, ana kishimo hapa." Akacheka taratibu, akasema, "Tangu azaliwe anacho." Nilikuwa nimemshika mtoto yule mara elfu, kichwa chake mkononi mwangu, sikio lile likinielekea, usiku baada ya usiku. Sikuwahi kuliona. Nilikaa kitandani nikalibusu.

Miaka ya baadaye, nikiwa nimepona, nilitaka kuelewa kilichotokea. Nikakutana na utafiti uliotumia kumbukumbu za maelfu ya akina mama wa eneo la Bristol, Uingereza, waliojifungua miaka ya mwanzo ya 1990. Watafiti hawakuuliza tu nani alinyonyesha na nani hakunyonyesha. Waliangalia pia mama alikusudia nini kabla hajazaa. Kati ya wanawake ambao hawakuwa na sonona wakati wa ujauzito, waliokusudia kunyonyesha na wakaweza ndio waliokuwa na hatari ndogo zaidi ya kupata sonona. Waliokusudia wakashindwa ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi, kubwa kuliko hata wale ambao hawakuwahi kupanga kunyonyesha. Nilisoma sentensi ile nikaifunika kwa kiganja. Mtu alikuwa ameniandika mimi bila kunijua.

Kwa hiyo nikisikia watu wakisema kwamba kunyonyesha hukinga sonona, sikatai, lakini naona ni nusu ya habari. Kunyonyesha kunakokwenda vizuri kunamtuliza mama, oksitosini ileile inayosukuma maziwa humpa utulivu. Kunakokwenda kwa damu na hofu humwandama. Na sonona nayo ikitangulia, humfanya mama aone ameshindwa hata pale anapoweza, akaacha mapema. Jambo hili linaenda pande zote mbili. Kumwambia mama aliyezama "endelea tu, utajisikia vizuri," ni kumwachia peke yake kazi ya watu watatu. Na kumwambia "acha tu, utajisikia vizuri," nimeshasimulia lilivyonifanya. Mimi nadhani kabla ya kumshauri mama chochote kuhusu ziwa lake, aulizwe mwenyewe anataka nini, na kama anataka kunyonyesha asaidiwe kwa mikono, siku ileile, mtu akae naye mpaka mtoto ashike vizuri. Na kama hataki, au hawezi, aambiwe waziwazi kwamba inatosha, na asiachwe aombolezee peke yake. Maana ni msiba, na mimi niliomboleza kweli.

Mimba ya pili ilikuja mwanangu akiwa na miaka mitatu. Aliyewahi kupata sonona baada ya kujifungua yuko karibu zaidi na kuipata tena, kwa hiyo safari hii nilimwambia mkunga mapema, mbele ya mume wangu, kila kitu. Tulikubaliana na daktari niendelee na dawa. Tuliandika mpango kwenye karatasi moja: nani atamshika mtoto saa ngapi, nani nitampigia mawazo yakianza, nani ana ruhusa ya kuniambia "hauko sawa" hata nikikataa. Mume wangu alijiandika hapo mwenyewe. Saa 4 usiku mpaka saa 9 ilikuwa zamu yake, anamnywesha mtoto maziwa niliyokamua jioni, na mimi nalala mlango umefungwa. Saa 5 za usingizi usiokatika zilinifanyia mengi kuliko nilivyotegemea.

Siku ya kujifungua, mshauri wa unyonyeshaji aliketi ukingoni mwa kitanda changu. Alimgeuza mtoto tumbo lake likaelekea langu, pua mbele ya chuchu, akasubiri. "Usimharakishe," akaniambia. "Ngoja apanue mdomo kama anayepiga mwayo, halafu mlete yeye kwenye ziwa, si ziwa kwake. Kidevu kitangulie." Mtoto akapanua. Nikamleta. Nikakaza vidole vya miguu nikisubiri maumivu, na yaliyokuja yalikuwa mvuto tu. Nilihesabu mpaka 30 kwa mazoea, nikafika 40, 50, nikasikia anameza. Nikamtazama mshauri. Akaniambia, "Umesikia? Hayo ndiyo maziwa." Dakika zile kumi, kama ningezipata mara ya kwanza, sijui ningekuwa nasimulia nini leo.

Ule mshuko wa huzuni ulirudi siku ya tano, uleule, tumboni, sekunde kabla ya maziwa. Safari hii nilimwambia mume wangu kwa sauti, "Umekuja." Akanipa maji, nikanywa, nikaangalia saa ya ukutani. Dakika moja na nusu, ukaondoka. Uliendelea kuja kwa miezi mitatu ukipungua, lakini haukuniambia tena kwamba mimi ni mama mbaya, kwa sababu nilijua ni nini.

Sikununua daftari. Mwezi wa nne maziwa yalipopungua nikirudi kazini, tukaongeza ya kopo mchana, na usiku nikanyonyesha. Mwanangu wa pili aliacha ziwa akiwa na miezi 14, kwa kupunguza wakati mmoja wa kunyonya kila baada ya wiki mbili, wa mchana kwanza, wa alfajiri mwisho. Ule wa alfajiri tuliuchelewesha wote wawili.

Mwaka huu mdogo wangu amejifungua. Yuko mbali, tunaongea kwa simu. Wiki ya tatu alinipigia kuniuliza habari za maziwa: mtoto analia sana, chuchu zinauma, kila mtu anasema lake, je, aanze kopo au avumilie? Alizungumza haraka, bila kupumua, dakika za kunyonya, idadi ya nepi, uzito wa kwenye kadi. Nilisikiliza yote. Nilimwambia kuhusu kidevu na mdomo mpana, nikamwambia amtafute mtu amwone akinyonyesha kesho hiyohiyo, nikamwambia na kopo si dhambi.

Kisha nikamuuliza, "Mtoto akilala, na kuna mtu wa kumwangalia, wewe usingizi unakuja?"

Simu ikanyamaza. Nilisikia mtoto akihema karibu na kipokezi.

"Hauji, dada."

"Mpe mumeo simu niongee naye," nikasema. "Mimi nakuja."